Mti wa baridi katika ua wa msikiti

Katika daftari la mihtasari ya vikao vya kamati ya msikiti wetu hapa Morogoro, kwenye kikao cha mwezi Oktoba mwaka juzi, ipo ajenda ya nne iliyoandikwa kwa mwandiko wetu wenyewe: "Matumizi ya maji ya tangi la udhu." Chini yake kuna mistari miwili tu: kwamba katibu amekiri, na kwamba katibu atalipa. Katibu huyo ni sisi tunaoandika makala haya. Deni lile la maji lilikuwa na pacha wake ambaye hakuandikwa popote, naye ndiye aliyetusumbua zaidi. Kwa kuwa wengi wa wasomaji wa kurasa hizi ni wazazi kama sisi, tumeona tusimulie jambo hili tangu mwanzo wake.

Mwanzo ulikuwa bahasha ndogo. Kijana mmoja wa mtaani kwetu, aliyekwenda kusoma Japani, alirejea na zawadi kwa majirani. Yetu sisi ilikuwa mbegu 20 za mti ambao Wajapani huuita momiji. Kila mbegu ina ubawa mwembamba mfano wa ubawa wa panzi, ili upepo uichukue mbali na mti uliouzaa. Wataalamu wa mimea huuita Acer palmatum, jina ulilopewa na Carl Peter Thunberg, tabibu wa Sweden, mwaka 1784. Neno la pili la jina hilo latokana na kiganja cha mkono, kwa kuwa jani lake limegawanyika mfano wa vidole vilivyotanuliwa. Kijana yule alituonyesha picha katika simu yake: mti wenye shina nene na matawi yaliyopinda, majani mekundu kama kaa la moto, umesimama katika chombo cha udongo kisichozidi sinia la pilau.

Huo ndio unaoitwa bonsai. Watu wengi hudhani kuwa bonsai ni aina ya miti ya kibete. Sivyo. Ni mti wa kawaida, ambao ukiachwa ardhini ungeipita nyumba kwa urefu. Mtunzaji huupunguza matawi na mizizi, huyafunga matawi kwa waya ili kuyapa mwelekeo, na huulea katika chombo kifupi kwa miaka mingi, pengine kwa vizazi. Ustadi huo ulianza China, ukafika Japani karne nyingi zilizopita. Binti yetu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka tisa, aliitazama picha ile hata ikabidi aombwe mara tatu kuirudisha simu ya mwenyewe.

Kijana alitueleza kwamba mbegu hizo haziamki mpaka zilale kwanza katika baridi na unyevu kwa muda wa miezi mitatu hivi, kama zilalavyo kwao ardhini wakati wa theluji. Morogoro haina theluji, lakini jokofu lipo. Tulizilowesha usiku mmoja, tukazichanganya na mchanga wenye majimaji ndani ya kopo la siagi, tukaliweka chini kabisa ya jokofu, pembeni ya mchicha. Mama wa nyumba aliridhia kwa sharti kwamba kopo liandikwe, kwani mgeni mmoja alikwisha kulifungua akitafuta cha kupaka mkate. Mwezi Machi, mvua za masika zilipoanza, tulizitoa na kuzipanda katika viriba vyeusi vya kuoteshea miche. Kati ya mbegu 20 ziliota saba. Binti akaupa kila mche jina. Sisi tuliona ni mchezo wa kitoto, kumbe mwenzetu alikuwa anapokea amana.

Miezi ya Aprili na Mei ilitudanganya. Mawingu yalishuka kutoka Uluguru kila alasiri, jua likawa pole, na miche ile ikatoa majani laini yenye vidole vyake, ikafikia urefu wa shibiri. Wakati wa kipupwe, Juni na Julai, tulijisifu mbele ya kila mgeni. Lakini mji wetu uko kiasi cha mita 500 tu juu ya usawa wa bahari. Masika yakishapita, hakuna mvua ya maana mpaka vuli. Ifikapo Septemba na Oktoba jua huwa kali, na upepo mkavu hupita juu ya mabati na sakafu za saruji ukikausha kila unachokikuta. Nyumba yetu haina kivuli. Ncha za majani zikaanza kuungua, na rangi ya kahawia ikapanda kutoka nchani kuelekea kikonyo, kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto. Tulipovishika viriba saa nane mchana, vilikuwa vya moto kama sufuria iliyoepuliwa jikoni.

Ua wa msikiti una mwembe mkubwa na bomba la maji. Tukaihamishia miche yote saba huko, tukamkabidhi binti kazi ya kumwagilia kila atokapo madrasa. Hatukumwomba mtu ruhusa. Katibu ana funguo za ofisi na funguo za stoo, na mwenye funguo nyingi husahau kwamba si kila mlango ni wake.

Siku moja binti alisahau. Kesho yake tukakuta mche mmoja umeangusha majani yote. Tulimwita, tukamkaripia mbele ya wenzake wa madrasa, tukamwambia kwamba miche inakufa kwa uzembe wake. Hakujibu neno. Alichukua ndoo akaenda bombani. Tangu siku hiyo alimwagilia asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya madrasa, ndoo ya lita 10 kila mara, mpaka maji yakasimama juu ya udongo. Yaliyobaki aliyamwaga kuzunguka viriba ili ardhi ipoe, kama tulivyomwelekeza sisi wenyewe. Tukamsifu kwa kujirekebisha. Hata hivyo miche iliendelea kufa, ikafika minne, na kila mmoja ulipokauka aliufukia chini ya mwembe bila kutuambia.

Oktoba ile mabomba ya mtaani yakawa yanatoa maji kwa zamu. Tangi la msikiti lilijazwa na boza kwa michango ya waumini: huyu shilingi elfu mbili, yule elfu moja, mama anayeuza vitumbua shilingi mia tano. Ijumaa moja, muda mfupi kabla ya khutba, maji yakakatika. Wazee walisimama bombani wamekwisha kukunja mikono ya kanzu, na vijana wakakimbia na ndoo kwenye nyumba za jirani. Sisi tulikuwa tumesimama pale pale, na kutoka tulipo tuliiona ardhi ya chini ya mwembe ikiwa bado imelowa.

Muadhini wetu ni mzee wa Kiluguru, mzaliwa wa Mgeta, juu milimani. Siku ile hakusema kitu. Alisubiri kikao. Ajenda ilipofika, aliuliza kwa sauti ya chini: "Katibu, mwanangu, maji haya waumini waliyatoa kwa ajili ya nini?"

Tumesoma chuo cha Kiislamu na tukahitimu. Mlango wa wakfu tuliusoma na kuufanyia mtihani. Tunajua kwamba kilichotolewa kwa ajili ya jambo maalumu hubaki kwa jambo hilo, na tumewahi kuwakumbusha wengine mafundisho ya kutofanya israfu ya maji hata kama mtu anatawadha ukingoni mwa mto. Elimu yote hiyo haikutuzuia tulipoamua kwamba tunaupenda mti. Tulipiga hesabu palepale mbele ya kamati: lita 20 kwa siku, kwa siku 50, ni lita 1,000. Tukaiandika kwa mkono wetu, na wiki ileile tukalipia maji ya boza kwa kiasi hicho.

Baada ya kikao mzee alitushika mkono, tukaenda naye hadi chini ya mwembe. Alichomeka kidole katika kiriba kimoja mpaka kikazama, akakitoa na kukinusa.

"Udongo huu unanuka," alisema. "Mizizi imeoza. Mti huu haulii maji, katibu. Unalia baridi. Na yule mtoto mlimwonea."

Alikuwa amesikia. Muadhini husikia kila linalosemwa katika ua wa msikiti.

Tuliyoyajua baadaye, kwa kusoma na kwa kuuliza, yanakubaliana na kidole cha mzee yule. Katika upepo mkavu jani la momiji hupoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyapandisha, ndiyo maana huanza kuungua ncha. Mtunzaji akiona hivyo hudhani ni kiu, akaongeza maji. Udongo wa kiriba ukijaa maji na kupata joto, mizizi hukosa hewa ikaoza. Mizizi iliyooza haiwezi kunywa, hivyo jani hukauka zaidi, na mtunzaji huongeza maji tena. Kwa hiyo mti hufa kwa kiu huku miguu yake imezama majini. Hata ungevuka Oktoba, jambo jingine lingeungoja. Mti huu umeumbwa kwa misimu minne. Kwao huangusha majani, hulala katika baridi kwa miezi kadhaa, kisha huamka na nguvu mpya. Mahali pasipo na baridi ya kutosha haupati usingizi huo. Machipukizi hufunguka kwa kusuasua, akiba yake huliwa kidogo kidogo, na baada ya miaka michache huchoka.

Deni la maji tulilimaliza kwa wiki moja. La pili lilikuwa gumu. Tulijua kwamba tumemkosea mtoto, na tulijua amekuwa akiamini kwa mwezi mzima na zaidi kwamba yeye ndiye aliyeua vitu alivyovipa majina. Lakini kila tulipokaa naye tulizungumza habari za shule, na za Qur'ani aliyohifadhi, kisha tukaondoka. Mzazi huona rahisi kununua maji ya boza kuliko kumwambia mwanawe sentensi moja.

Mzee muadhini ndiye aliyetupa njia. Alisema ana jamaa yake Nyandira, mwenye miti ya baridi, na kwamba miche mitatu iliyobaki ipelekwe huko. Mwezi Novemba, siku ya Jumapili, tulipanda gari pamoja na binti. Tulipita Mzumbe, tukaiacha barabara kuu iendayo Iringa, tukaanza kupanda. Binti alipakata ndoo yenye viriba vitatu njia nzima. Kadiri tulivyopanda ndivyo madirisha yalivyofungwa, na tulipofika tukawakuta watu wamevaa masweta mchana. Pande zote milima imekatwa matuta mfano wa ngazi, yamejaa kabeji, karoti, njegere na viazi mviringo. Kando ya matuta ndipo ilipo miti tuliyoifuata: pichesi na plamsi, imezaa matunda mabichi ya ukubwa wa gololi.

Mwenyeji wetu alitukaribisha kwa chai ya maziwa ya mbuzi, kisha akatutembeza. Alimwambia binti: "Mjukuu wangu, ungekuja wakati wa kipupwe ungeikuta miti hii iko uchi kama kuni. Mgeni huidhani imekufa. Mwenye haraka akiikata, hujuta wenzake wakianza kuchanua." Akatueleza pia kwamba hata huko juu si kila mti wa nchi za baridi hukubali. Ile inayotaka baridi kidogo hukaa na kuzaa, na ile inayotaka baridi kubwa hukaa miaka bila tunda hata moja. Aliiangalia miche yetu, akasema atajaribu, lakini haahidi.

Chini ya shamba lake kuna kijito. Binti aliuliza maji yale yanakwenda wapi, na mwenyeji akamweleza: yanaingia mto Mgeta, nao Mgeta unaingia Ruvu, na Ruvu ndio unaowanywesha watu wa Dar es Salaam. Nasi tukamwongezea kwamba mito inayoshuka upande wa mji wetu, ukiwamo Ngerengere uliozuiwa ukafanya Bwawa la Mindu, nayo ni watoto wa milima hiyohiyo. Msitu ulioko juu, ambao tangu mwaka 2008 ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, ndio unaonasa ukungu na mvua na kuviachia polepole. Binti alifikiri kidogo, akasema: "Kumbe maji ya msikitini yametoka huku." Tulikuwa tumeyachukua maji yaliyoletwa na miti ya Uluguru, tukayamwaga kwenye mti usioyahitaji.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba mti wa ugenini ni kosa. Liko ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli katika milima yetu ya mashariki, Usambara na hata hapa Uluguru. Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala upande wa Tanga, alilipeleka kwao mwanzoni mwa miaka ya 1890, na mwaka 1893 likapewa jina la Saintpaulia kwa heshima ya familia yake. Leo linaishi katika vyungu madirishani mwa nyumba zisizo na idadi, katika nchi ambazo theluji huanguka nje ya dirisha hilohilo. Linaishi kwa sababu waliolichukua walijua linataka nini, wakalipa ndani ya nyumba kivuli, unyevu na joto la kwao. Na huko Batu, kisiwani Java, ndugu zetu wa Indonesia wanavuna matufaha katika nchi ya joto. Baada ya mavuno huyapukuta majani yote kwa mikono, ili mti uchipue upya bila kungoja baridi isiyokuja. Mgeni anaweza kuishi, lakini mwenyeji lazima amjue, na lazima gharama ya kumtunza aibebe mwenye kumpenda. Kosa letu lilikuwa kwamba hatukuujua mti, na gharama yake tuliwabebesha waumini na mtoto.

Tulipanda miche ile mitatu kwenye kivuli cha mplamsi, mahali ambapo jua la alasiri halifiki. Mwenyeji alipokwenda kuchota maji tukabaki wawili. Tukamwambia: "Mwanetu, miche haikufa kwa ajili yako. Sisi ndio hatukujua. Tulikukosea, tena mbele za watu." Alikuwa anashindilia udongo kwa viganja, hakuinua uso. Baada ya kitambo akauliza: "Baba, na wenzangu wa madrasa mtawaambia lini?"

Swali hilo hatukulitegemea. Lakini ni la haki, kwani aliyevunjiwa heshima hadharani hawezi kurudishiwa shambani. Jumamosi iliyofuata, baada ya ustadhi kumaliza somo, tulisimama mbele ya darasa la watoto tukawaeleza kwamba miti ilikufa kwa sababu baba yake hakuijua, na kwamba mwenzao hakuwa mzembe. Watoto walisikiliza kwa adabu, na mmoja akauliza kama sasa wanaweza kupanda wao. Tumewahi kuzungumza mbele ya mashekhe na viongozi. Hatukumbuki siku ambayo ulimi ulikuwa mzito kuliko ile.

Kwa ombi la mtoto yule tulianza upya, safari hii kwa mti unaoujua mji wetu. Tulichagua mkwaju. Jina lake la Kiarabu, tamr hindi, ni tende ya Kihindi, lakini kwa asili ni mti wa Afrika, na joto na ukame kwake si habari ngeni. Mbegu hailali katika jokofu. Hukwaruzwa kidogo, hulowekwa usiku mmoja, ikapandwa. Chombo kiwe na matundu chini, na udongo uchanganywe na kokoto ndogo ili maji yapite yasisimame. Chombo tulikiweka mahali penye jua la asubuhi. Masika yakianza ndio wakati wa kupunguza mizizi na kubadili udongo, kwa kuwa mti huwa na nguvu ya kupona. Majani yake ni madogo kwa maumbile, hivyo yanalingana na mti mdogo, na jioni hujikunja kama watu wa nyumba wanaojiandaa kulala. Watoto wa madrasa wana mikwaju yao sita nyumbani kwao, na kila mmoja humwagilia kwa maji yaliyokwisha kuoshea mboga.

Kati ya miche mitatu ya Nyandira, mmoja ungali hai. Mwezi Julai mwenyeji alituarifu kwamba umeangusha majani. Yaligeuka rangi ya kutu kwanza, si wekundu ule wa picha. Binti aliuliza kama umekufa, kisha akajijibu mwenyewe kwamba umelala, na tusubiri.

Mkwaju wake yeye sasa una urefu wa dhiraa ndogo na shina la unene wa kalamu. Bado haujawa bonsai, na huenda usiwe mpaka awe mtu mzima. Ana miaka 11 na hana haraka. Kabla ya kumwaga maji huchomeka kidole kwanza udongoni, kama alivyoona muadhini akifanya. Ukiwa na unyevu, hurudisha kopo lake akaenda zake kucheza. Nasi siku hizi, tukitaka kumkaripia yeye au nduguze, hujikumbusha kidole kile, tukauliza kwanza.